Kunyamazisha Sauti ya Pili

Faili la midi halina sauti ndani yake. Naanza na hilo kwa sababu walimu wengi wa kwaya wametumiwa faili la aina hiyo, wakalibofya kwenye simu, simu ikakataa kulifungua au ikatoa mlio mwembamba kama wa Nokia za miaka ya 2000, wakalifuta wakidhani limeharibika. Halikuharibika. Hata milio mingi ya Nokia za wakati ule ilikuwa midi. Ndani ya faili hamna mwimbaji wala kinanda, mna maagizo tu: anza nota namba 60, ipige kwa nguvu 80, ishikilie kwa muda huu, iachie, kisha ifuate namba 62. Namba 60 ni C ya katikati ya kinanda, na nota zote zimepewa namba hivyo, kuanzia 0 hadi 127. Maagizo hupita kwenye njia 16, kila njia na ala yake. Sauti unayoisikia inatengenezwa papo hapo na mashine iliyo mbele yako, kwa ala ilizo nazo. Mashine ikiwa maskini wa ala, wimbo unatoka maskini.

Kwa mtu aliyekulia kwenye solfa hili halina ugeni. Karatasi ya nota nayo haiimbi. Inasubiri watu.

Mimi nilikutana na midi nikiwa mwalimu wa kwaya ya kigango huku Ilembo, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, miaka michache baada ya Katavi kumegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012. Wakati ule umeme wa Mpanda haukutoka gridi ya taifa. Ulizalishwa hapa hapa kwa majenereta ya mafuta, na kila aliyepanga shughuli ya jioni aliipanga akijua huenda ikaishia gizani. Kinanda cha kigango tulikuwa nacho, lakini kilitaka umeme, na mpigaji wake alikuwa mwanafunzi wa sekondari ambaye shule zikifungwa aliondoka kwenda kwao. Mazoezi ya katikati ya wiki tuliyafanya kwa koo la mwalimu.

Koo la mwalimu lina mpaka wake. Sauti yangu ni besi. Soprano niliwaimbia oktava moja chini, nao wakaipandisha wenyewe bila shida kwa sababu wao ndio wenye melodia, na melodia mtu huenda nayo nyumbani hata asipotaka. Wenye sauti ya tena walikuwa wachache na wasikivu. Shida yangu ilikuwa alto. Ukiwaimbia peke yao wanaishika vizuri, wanairudia mpaka unaridhika, halafu soprano wakiingia tu, alto yote inapanda juu kwao. Haikuwa uvivu wala kukosa masikio. Alto ya nyimbo zetu mara nyingi hukaa kwenye nota mbili tatu, haina mahali pa kupumzikia akili, na aliyeisikia kwa mwanamume mwenye sauti nzito hajawahi kuisikia mahali pake hasa. Tulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, mwenye sauti nzuri ya katikati, ambaye kila soprano walipoingia aliziba sikio la upande wao kwa kiganja ili asibebwe. Alikuwa sahihi kabisa, ila huwezi kusimama hivyo mbele ya altare.

Kompyuta mpakato niliyoipata ilikuwa imeshafanya kazi miaka mingi ofisini kwa watu kabla ya kunifikia. Windows yake ilikuwa imejaa virusi. Shemeji yangu, aliyekuwa akisomea kompyuta Mbeya, alipokuja likizo aliifuta yote akaweka Linux. Akanionyesha dirisha jeusi lenye mstari wa kuandikia amri.

"Shemeji, hii mashine ukiipa mapambo itakuchosha," akasema. "Fanya kazi zako hapa kwenye mstari. Itakwenda, na betri itakaa."

Mwanzoni nililiona dirisha lile kama mahali pa mafundi. Lakini amri ya kupiga wimbo ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea: timidity wimbo.mid. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, mistari michache inatokea, ikisema faili ni la muundo gani na lina nyuzi ngapi, kisha muziki unaanza. Nilikaa nikiitazama mistari ile kwa sababu ilikuwa inaniambia kitu. Nyuzi tano, na kwaya ina sauti nne. Ule uzi wa kwanza ulibeba mwendo na alama za mwanzo, na zilizofuata zilikuwa za soprano, alto, tena na besi, kila mmoja na wake. Kumbe walikuwa wametenganishwa tangu mtunzi alipoandika, na mimi nilikuwa nahangaika kuwatenganisha kwa koo.

TiMidity iliandikwa na Mfini, Tuukka Toivonen, mwaka 1995, na baadaye Mjapani Masanao Izumo akaiendeleza. Ni programu huria; hulipii kitu. Kazi yake ni kuyasoma maagizo ya midi na kuyapigia kwa vipande vya sauti za ala halisi vilivyorekodiwa na kuhifadhiwa. Ikikosa kipande cha ala aliyoichagua mtunzi, inaandika kwenye skrini kwamba ala hiyo haitasikika, halafu inaendelea na nyingine. Mwalimu asiyesoma mistari ile atadhani mtunzi amesahau sauti ya tena. Kwa hiyo soma kinachoandikwa, hata kama Kiingereza chake ni cha kifundi, kwa maana nusu ya majibu yako humo.

Ipo programu nyingine, aplaymidi, ambayo inafundisha kwa njia ya ukimya lile jambo la mwanzo, kwamba midi ni maagizo tu. Ukiandika aplaymidi -l inakupa orodha ya milango iliyopo, na karibu kila mashine ya Linux ina mlango 14:0. Ukiupeleka wimbo huko, unapigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusikika chochote. Maagizo yamepita yote, ila nyuma ya mlango hapakuwa na mwenye ala. Ndipo unawasha TiMidity kama mhudumu anayesubiri, timidity -iA, naye anafungua mlango wake, mara nyingi 128:0, unaupeleka wimbo huko, na kanisa linapata sauti. FluidSynth nayo hufanya kazi ya namna hiyo, kwa mfuko wa sauti unaouchagua mwenyewe. Mfuko uitwao FluidR3 ni mzuri sana, kinanda chake cha kanisa kina kifua, lakini una ukubwa wa MB 140 hivi. TimGM6mb una MB 6 tu. Kwa bando la Mpanda la siku zile nilianza na ule mdogo, na kwa kufundishia nota ulinitosha kabisa.

Sasa yale mazoezi. Kuna alama tatu za TiMidity ambazo kwangu ndizo moyo wa kazi. Alama -T hubadili mwendo kwa asilimia: timidity -T 70 wimbo.mid hupiga wimbo kwa asilimia 70 ya mwendo wa mtunzi, na nota hazishuki hata kidogo, jambo ambalo redio ya kaseti haikuliweza, maana ukiipunguza mwendo na sauti inazama. Alama -K hupandisha au kushusha ufunguo kwa nusu sauti: -K -2 hushusha wimbo mzima sauti moja kamili, na hiyo niliitumia sana kwa misa ya kwanza ya Dominika, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati koo za watu bado zimelala na soprano wa mtunzi anadai nota ya mchana. Na alama -Q hunyamazisha njia. Ukiandika -Q 2, njia ya pili inakaa kimya, zilizobaki zinaendelea.

Nilianza kama ambavyo yeyote angeanza, kwa kunyamazisha wengine. Nikaandika -Q 1 -Q 3 -Q 4, ikabaki alto peke yake, mahali pake hasa, bila uzito wa koo langu. Alto wakaifuata, wakaishika haraka kuliko walivyowahi. Nikafurahi, nikawasha wote wanne. Alto wakapanda juu kwa soprano kama kawaida.

Nilifikiri sana juu ya jambo lile. Mashine ilikuwa imewafundisha alto nota zao, lakini haikuwafundisha kuwa alto. Kuijua sauti yako ikiwa peke yake ni robo ya safari, kwa sababu Dominika hutaimba peke yako. Ndipo katika mazoezi yaliyofuata nikageuza amri. Nikaandika -Q 2 tu. Soprano, tena na besi wa mashine wakaimba, na mahali pa alto pakawa wazi.

"Mwalimu, mbona umeitoa yetu?" yule mama akauliza.

"Nimeitoa ili muiweke ninyi, mama."

Mara ya kwanza ilikuwa tabu. Walitafuta pa kushika, wakakuta soprano, wakaachia, wakatafuta tena. Nikapunguza mwendo hadi asilimia 60 nikawaambia wasikilize besi, si soprano, maana besi ndiye anayewaambia wako wapi. Wakaingia. Kwenye kiitikio, pale alto inapobaki kwenye so wakati soprano inashuka kuikaribia, nilimwona yule mama amesimama mikono imelala ubavuni, anaitazama spika kama mtu anayemwambia mwenzake asogee. So yake haikuyumba. Wenzake wawili wakamsikia wakaegemea kwake, na kabla ya kufunga mazoezi tulikuwa na sauti ya pili iliyosimama kwa miguu yake.

Tangu hapo kila sauti hufundishwa kwa mpangilio huo: kwanza yako peke yako, kisha wote pamoja nayo, kisha wote bila yako. Hatua hii ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Nimeona walimu wenye vinanda vya gharama, vyenye taa na vitufe vingi, wanaopiga sauti zote nne kwa nguvu wakati kwaya inaimba, mwaka baada ya mwaka, na siku umeme unapokatika katikati ya Utukufu, kwaya inakatika nayo. Kinanda kilikuwa kinaimba, wao wakikisindikiza. Chombo cha kufundishia kinatakiwa kijue kuondoka, na mstari wa amri ulinilazimisha niamue, kabla ya kubonyeza, nani aondoke na lini.

Hapo ndipo nilipoanza kulipenda dirisha lile jeusi kwa sababu zake lenyewe. Kwenye programu za madirisha unabofya huku na huku ukitafuta kitufe, na mazoezi yakiisha hukumbuki ulifanya nini. Kwenye mstari umeandika. Ukibonyeza mshale wa juu, amri ya mwisho inarudi, unabadili namba moja, 60 inakuwa 65, unaendelea, na waimbaji hawajapata hata nafasi ya kuanza mazungumzo. Amri ile ile unaweza kuinakili kwenye daftari la mazoezi kando ya jina la wimbo: mwendo gani uliwafaa, ufunguo gani, nani alinyamazishwa. Daftari langu la miaka ile ukilifungua leo linakueleza kwaya ilikuwa na nguvu wapi na udhaifu wapi, kwa tarakimu. Hata meseji ya kawaida inaibeba. Mwalimu mwenzangu wa upande wa Sitalike, aliyekuwa na mashine chakavu kama yangu, alinipigia jioni moja amekwama na wimbo wa Matawi. Nilimtumia mstari mmoja kwa meseji, akauandika kama ulivyo, nafasi kwa nafasi, na wimbo ukaanza kwake.

Kwa waimbaji wenye simu nilitumia njia nyingine. Faili la midi la wimbo wa sauti nne lina KB chache tu na linapita hata mtandao ukisumbua, lakini simu nyingi haziliwezi. MP3 ya dakika nne kwa ubora wa kawaida inakaribia MB 4, na simu zote zinaipiga. Kwa hiyo midi ni ya walimu kutumiana, MP3 ni ya waimbaji. TiMidity inaweza kuandika sauti badala ya kuipiga, na programu ya lame inaibana kuwa MP3. Shemeji aliniandikia mstari unaozunguka namba 1 hadi 4 na kutoa nyimbo nne, kila moja ikikosa sauti yake:

for k in 1 2 3 4; do timidity -Q $k -Ow -o - wimbo.mid | lame - bila-$k.mp3; done

Unaubonyeza, unakwenda kuteka maji, ukirudi kazi imekwisha. Bila-2 inakwenda kwa alto, bila-4 kwa besi. Watu walifanya mazoezi wakipalilia, wakisubiri wateja sokoni, wakiwa kwenye bodaboda. Masika hapa kwetu huwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua ya Mpanda ikipiga bati la kanisa husikii mtu hata akikuimbia sikioni, kwa hiyo mazoezi ya nyumbani yalikuwa na maana yake.

Niseme kidogo midi ilikotoka, kwa sababu mapungufu yake yanatoka huko. Mwaka 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki California, kinanda cha Sequential Circuits, kampuni ya Dave Smith, kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland, kampuni ya Ikutaro Kakehashi wa Japani, kikipigwa kimoja na kingine kinalia. Makampuni shindani yalikuwa yamekubali lugha moja, tena bila kuitoza fedha, na ndiyo maana faili la miaka zaidi ya 30 linafunguka leo kwenye kompyuta yangu. Ule waya ulipitisha biti 31,250 kwa sekunde, kidogo mno, hivyo ujumbe ulibanwa ukabaki mifupa. Mwaka 1991 ikaja orodha ya pamoja ya ala 128, ili piano ya huku iwe piano ya kule. Nimeisoma yote. Piano, ogani, magitaa, violini, tarumbeta, hata shamisen na koto za Japani. Kwetu sisi namba 109 ni kalimba. Kwenye njia ya 10, ya ngoma, utakuta konga, bongo, agogo na marakasi, lakini kayamba hakuna, na ngoma ya Kisukuma inayoitikisa Mpanda siku za harusi hakuna. Mtunzi anayeandika mdundo wetu anachagua kilicho karibu na kuomba wapigaji waelewe. Wanaelewa, kwa sababu wanaijua ngoma yenyewe.

Nyimbo zetu wenyewe hazikuanza na kompyuta, na hapa ndipo nilipoitumia zaidi ya nilivyotarajia. Huku kwetu nyimbo za kanisa ziliingia kwa njia ya ziwa. Wamisionari wa Afrika walipokea kituo cha Karema kando ya Tanganyika mwaka 1885, na kwa vizazi viwili vitatu Kilatini ndicho kilichoimbwa. Solfa ilipita njia nyingine. Ilibuniwa na mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ikaenezwa na mchungaji John Curwen, na misheni zikaisambaza dunia nzima kwa kuwa haitaki mistari mitano wala kinanda: inataka herufi, nukta na sikio. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia inayotaka muziki wa kila watu upewe heshima yake. Baada ya hapo watunzi wakaja kwa wingi: John Mgandu, Padre Gregory Kayeta, Joseph Makoye, Bernard Mukasa na wengi wasiojulikana nje ya jimbo lao. Nyimbo zao zilisafiri kwa karatasi zilizonakiliwa, nakala ya nakala, mpaka nukta ya nusu mdundo haionekani tena.

Nilipewa daftari la namna hiyo na familia ya mwalimu wa zamani, mtu wa upande wa ziwani, aliyekuwa amefariki. Nyimbo zake zilikuwa kwa mkono, solfa tupu, sauti nne zimepangwa moja juu ya nyingine, wino wa buluu umeanza kusambaa. Hakuna aliyekuwa na nakala nyingine. Kuziingiza kwenye programu ya kuchora nota kwa kompyuta ile ilikuwa adhabu. Shemeji akanitajia abc2midi.

Hii ni programu ya mstari wa amri inayosoma nota zilizoandikwa kwa herufi kwenye faili la maandishi ya kawaida, kwa mtindo uitwao ABC, uliobuniwa na Mwingereza Chris Walshaw, na kutoa faili la midi. Nilipoisoma kanuni yake nilijiona niko nyumbani. C D E F G A B ni do re mi fa so la ti. Herufi ndogo ni oktava ya juu, alama ya mkato ni oktava ya chini. C2 ni do ya midundo miwili, C/2 ni ya nusu mdundo, z ni kimya. Juu unaandika mwendo, kipimo na sauti ngapi. Kila sauti unaipa njia yake. Mtu aliyesoma solfa tangu utoto hahitaji wiki kuijua.

Na kuna ujanja ambao mtu wa solfa ataupata kabla ya mtu wa mistari mitano. Kwetu do huhama. Wimbo ukisema do ni F, huimbi tofauti na do ni C, unapanda tu na mlima wako. Kwa hiyo niliandika kila wimbo kana kwamba do ni C, herufi kwa herufi kutoka kwenye daftari, bila kufikiria vinyanyuo wala vishusho vya ufunguo, kisha wakati wa kupiga nikaweka -K 5 nikapata F, au -K -5 nikapata G ya chini. Jambo moja tu la kuangalia: kwenye solfa sauti za wanaume huandikwa oktava moja juu ya zinapoimbwa, na mwimbaji hushusha bila kuambiwa. Kompyuta haina desturi hiyo. Besi na tena huongezewa alama ya mkato kila nota, la sivyo wanaume wanaimba juu kwa soprano.

Usiku wa kwanza niliandika wimbo wa sadaka wa mzee yule. Nikaandika abc2midi, nikaandika timidity, nikabonyeza. Kiitikio chake kilikuwa na mgongano mdogo kati ya tena na alto, nusu mdundo tu, tena inafika kabla na kuisubiri alto. Kwenye karatasi nilikuwa nimeuona nikadhani nukta imekosewa na mnakili. Nilipousikia nilijua mzee aliukusudia. Asubuhi nilimpigia binti yake nikampigia wimbo kwenye simu. Akasema, "Kaka, huo ndio. Baba alikuwa anaubishania hapo hapo kila mara na kwaya yake."

Mapungufu ya midi yapo na mwalimu ayajue. Mashine haipumui. Nota zote za mtunzi asiye mwangalifu zina nguvu ile ile, 80, 80, 80, wakati Kiswahili kina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwaya iliyolishwa midi tupu huanza kuimba maneno kama hesabu. Nililisikia kwetu pia, vokali zinakatwa zote kwa urefu mmoja. Kwa hiyo siku mbili za mwisho kabla ya Dominika kompyuta haifunguliwi. Tunasoma maneno kwa sauti ya kawaida, kama barua, kisha tunaimba. Ikifunguliwa ni kwa jambo moja tu: tunaimba wimbo mzima bila ala, na kwenye akodi ya mwisho napiga akodi ya kompyuta. Tukiwa tumeshuka tunasikia tumeshuka kiasi gani. Natafuta kwa -K -1, na ikilingana, nawaambia: nusu sauti. Kwaya hujirekebisha yenyewe ikiisikia namba.

Kuna ombi ninalolirudia kwa kila mtunzi ninayempata. Siku hizi nyimbo nyingi zinapatikana kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, nota pamoja na midi yake, na hiyo ni neema kubwa kwa kigango kilicho mbali na maduka ya vitabu. Lakini baadhi ya watunzi huandika soprano na alto kwenye mstari mmoja, tena na besi kwenye mwingine, kama kitabu cha nyimbo kinavyochapwa. Kwa msomaji inapendeza na inaokoa karatasi. Kwenye midi, soprano na alto wanaingia njia moja, na ukimnyamazisha mmoja umewanyamazisha wote wawili. Faili hilo litapigwa, litasikilizwa, ila halitafundisha. Mtunzi anapotoa wimbo, atenge sauti nne njia nne, hata kama karatasi itakuwa na mistari miwili, na mwendo auandike ndani ya faili badala ya kuuacha kichwani mwake. Ni kazi ya dakika chache kwake. Kwa mwalimu wa mbali ni usiku mzima.

Wimbo ukinijia umeunganishwa, ninautenga mwenyewe na kumrudishia mtunzi faili lenye njia nne. Wengine hawajibu. Mmoja alijibu kwa kunitumia misa yake nzima, kuanzia Bwana Utuhurumie hadi Mwanakondoo, kila sauti kwenye njia yake na ngoma kwenye njia ya 10. Tunaifanya kwa ajili ya Noeli. Alto wameanza na Utukufu, mwendo asilimia 65, na njia ya pili imezimwa tangu Jumanne.